Gari linazima siku za manyunyu tu, mafundi watatu wamenibadilishia spea zilizokuwa nzima

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo hili kwa mpangilio.

Ninaishi Tukuyu na kila siku ya kazi ninakwenda Mbeya mjini kwa Toyota Corolla 110 ya mwaka 1996, injini 5A, ile yenye distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi. Anayeijua barabara hii anajua kipupwe kilivyo kati ya Kiwira na Isyonje, ukungu unaposhuka hadi kwenye lami na manyunyu yakaendelea tangu alfajiri. Asubuhi za namna hiyo gari huwaka kwa shida, hutetemeka, hukosa nguvu mlimani, na nikiachia mafuta kidogo tu kwenye kona linazima, huku malori yanayotoka Kasumulu, mpakani na Malawi, yakiwa nyuma yangu. Ikifika saa tano, injini imeshapata moto na jua limetoka, halina tatizo lolote. Siku kavu halijawahi kuzima hata mara moja. Maelezo haya niliwapa mafundi watatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la pili.

Wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta. Wa pili aliweka plagi nne na betri mpya. Wa tatu alikuja na mashine ya kupimia, ikashindikana kuunganishwa kwa sababu soketi ya gari hili si ya aina yake, na bado akatangaza kwamba sensa ya throto, inayosoma unavyokanyaga mafuta, imekufa, nikalipa. Jumla ni shilingi 460,000, na asubuhi iliyofuata nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara nikilowa. Jamani, pampu inayokufa haingoji mvua! Mteja anapokwambia gari linasumbua penye unyevu tu, ameshakuonyesha pa kuanzia.

Ijumaa usiku nilizima taa zote za uani, nikafungua boneti, nikawasha injini na kuiacha iungurume bila kukanyaga mafuta. Nilichukua chupa ya kupulizia maji, ile inayotumika saluni, nikapuliza manyunyu mepesi juu ya nyaya za plagi, nikiwa nimeweka mikono mbali. Hapo hapo nilisikia ta-ta-ta, na uzi wa cheche za buluu ukaonekana ukiruka kutoka kwenye waya wa silinda ya tatu hadi kwenye mfuniko wa injini. Gari likatetemeka vilevile kama linavyotetemeka Isyonje, kisha likazima. Nilipofungua kifuniko cha distributa nilikuta matone ya unyevu ndani, na mstari mwembamba mweusi, mithili ya uliochorwa kwa penseli, ukiunganisha vituo viwili vya shaba, alama kwamba umeme umekuwa ukipita njia isiyo yake.

Umeme unaotoka kwenye koili, kifaa kinachoongeza volti za betri, kwenda kwenye plagi unaweza kufikia volti 20,000 na zaidi, na mpira wa waya ukishachakaa na kupasuka, unyevu unaupa umeme huo njia ya mkato hadi kwenye chuma cha injini, hivyo plagi inakosa cheche ya kuchoma mafuta. Injini ikipata moto unyevu unakauka, na ndiyo maana saa tano gari linakuwa halina tatizo. Nilipima ule waya kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme: Toyota wanataka ukinzani wake usizidi kiloomu 25, nao haukusoma chochote, maana yake umekatika ndani. Kifuniko, rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) na seti ya nyaya vimenigharimu shilingi 85,000. Tangu hapo nimepanda Isyonje katika ukungu mara sita, na gari halijazima.

Kinachoniuma zaidi kuliko fedha ni kwamba kipimo hiki kinahitaji giza, maji na dakika kumi, na mafundi wote watatu wanafanya kazi kwenye mkoa huu wenye ukungu. Nimerudi kwa yule wa kwanza kudai pampu yangu ya zamani, ambayo sasa ninajua ilikuwa nzima. Amenijibu kwamba aliitupa. Aliyewahi kudai spea yake gereji na akarudishiwa, naomba anieleze alianzia wapi, kwa sababu kesho asubuhi ninarudi pale.