Naomba ushauri: nimhamishe baba kutoka ICU kwa sababu madaktari hawataki kumwekea mrija wa moyoni?

Kifungua Mimba:
Wakuu, habari za saa hizi. Baba yangu yuko chumba cha wagonjwa mahututi, leo ni siku ya tatu, kwa maambukizi yaliyoanzia mapafuni yakasambaa mwilini. Kinachoninyima usingizi ni namna anavyofuatiliwa. Kuna mrija unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa, ukapita moyoni hadi kwenye ateri ya mapafu, ukaonyesha moyo unasukuma damu kiasi gani. Hapa hawautumii. Daktari anambonyeza ncha ya kidole, anaachia, anahesabu kimoyomoyo, anaandika, anaondoka. Hospitali nyingine imenithibitishia kwamba mrija huo wanao. Mngekuwa ninyi, mngemwacha hapa?

Mzamu wa Usiku:
Pole sana, mkuu. Nimeuguza ICU kwa miaka mingi, na nimeushuhudia mrija huo enzi ambazo mgonjwa asipokuwa nao tulijiona tumemtupa. Swan, Ganz na wenzao waliutangaza mwaka 1970. Mwaka 1996 Connors na wenzake walichapisha uchunguzi uliouhusisha na vifo zaidi, na jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2005 halikuona faida wala madhara ya wazi kwa wagonjwa mahututi kwa ujumla. Bado una kazi yake, kwa mfano upande wa kulia wa moyo unaposhindwa, lakini kutouweka si uzembe.

Kidole nacho usikidharau. Mwaka 2019 utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK uliwagawa wagonjwa 424 wenye mshtuko wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini hadi presha ikashuka vibaya, katika nchi tano za Amerika Kusini: kundi moja lilitibiwa kwa kufuata muda ambao damu inarudi kwenye ncha ya kidole baada ya kubonyezwa, lingine kwa kufuata kiwango cha laktati katika damu, ambayo hupanda viungo visipopata damu na oksijeni ya kutosha. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 34.9 katika kundi la kidole na 43.4 katika kundi la laktati. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu, kwa hiyo ubishi unaendelea, lakini daktari wako hachezi.

Hukutuambia jambo moja. Je, yuko kwenye mashine ya kupumulia, na kwa oksijeni ya asilimia ngapi?

Sukari Guru:
Naomba niseme kuhusu sukari, kwa kuwa ndiyo hatari ambayo ndugu wengi hawaiulizii. Mama yangu alipokuwa ICU niligombana na wauguzi kwa kuiacha ifike milimoli 9 kwa lita ya damu, kwani nilikuwa nimesoma habari za utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 2001 uliosifu kuibana sana. Kumbe mwaka 2009 utafiti wa NICE-SUGAR, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, ulionyesha kwamba waliobanwa kati ya 4.5 na 6 walifariki asilimia 27.5 ndani ya siku 90, na walioachwa hadi 10 walifariki asilimia 24.9. Niliwaomba radhi wale wauguzi. Mama alipona, na hadi leo ananitania kwamba nilitaka kumuua kwa insulini.

Mzee wa Busara:
Mzazi anauguzwa kwa kukaa naye na kumwombea. Ninyi mnamuuguza kwa kusoma takwimu kwenye simu.

Mzamu wa Usiku:
Mzee wangu, shikamoo, lakini swali langu halijajibiwa.

Kifungua Mimba:
Yuko kwenye mashine, oksijeni ni asilimia 80. Tangu jana wamemlaza kifudifudi, na anapewa noradrenalini ili presha isishuke. Sikuyataja kwa sababu nilikuwa naulizia mrija tu. Tena niseme ukweli: fomu ya kumtoa nimeshaisaini na gari la wagonjwa linakuja asubuhi. Mama hajui. Sikukurupuka, kwa maana nilikaa siku mbili nikiangalia kidole kikibonyezwa, na mimi ndiye mkubwa, lawama zote zitaniangukia.

Dripu Tatu:
Wakuu, mimi naona hii ni chai. Mtu anayeona daktari anabonyeza kidole bila kujua maana yake, amejuaje "ateri ya mapafu"? Asilimia 80, kifudifudi, noradrenalini, gari asubuhi: hili ni swali la mtihani wa wanafunzi wa uuguzi, na Mzamu analijibu bure.

Sukari Guru:
Hata mimi nimeanza kushuku. Basi kama ni mtihani, Mzamu apewe alama zake.

Kifungua Mimba:
Maneno hayo nimeyanakili kutoka kwenye karatasi niliyopewa na hospitali ya pili, inayoorodhesha vifaa vyao. Za mashine nilizisoma kwenye skrini na kumuuliza muuguzi. Asiyeamini asiamini.

Mzamu wa Usiku:
Iwe kweli au mtihani, jibu langu ni lile lile. Kulaza kifudifudi ni miongoni mwa mambo machache ya ICU yenye ushahidi mzito: katika utafiti wa PROSEVA wa mwaka 2013, wagonjwa wenye mapafu mabovu sana waliolazwa hivyo kwa angalau saa 16 kwa awamu walifariki asilimia 16 ndani ya siku 28, dhidi ya 32.8 ya waliolazwa chali. Ili asafiri kesho, kwa kawaida itabidi ageuzwe chali, na mrija wa pumzi ukichomoka garini hakuna kipimo cha moyo kitakachomsaidia. Mwombe daktari akae nanyi, mama akiwemo. Kisha ipigie hospitali ya pili na uulize kama wana watu wa kumgeuza usiku, na nani atakayemsindikiza.

Dripu Tatu:
Bado sijashawishika, lakini apige.

Kifungua Mimba:
Nimepiga. Niliuliza kuhusu kugeuzwa usiku, nikajibiwa kwamba mrija upo. Nikauliza nani atamsindikiza, nikajibiwa tena kwamba mrija upo na kitanda kimeshatandikwa. Nimemwambia dereva asije kwanza. Sasa ndiyo nampigia mama, na sijui nitaanzia wapi.