Tupeane uzoefu: njia tulivu za baiskeli kandokando ya ziwa na mto, yako uliipataje?

Mtaratibu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaopanda baiskeli kwenye lami na tumechoka kubanwa na malori. Tuzungumzie barabara za pembeni mwa ziwa au mto, zile unazopiga pedali nusu saa nzima na magari yaliyokupita unayahesabu kwa vidole. Sitafuti majina ya njia, maana njia yako hainifai kitu kama naishi mbali nawe. Tuambie uliigunduaje, unapita saa ngapi, na nini kinakukera huko.

Naanza mimi. Ziwa ninalozunguka lina barabara kuu upande mmoja tu. Upande wa pili kilima kinashuka hadi majini, kwa hiyo waliojenga barabara kuu waliukwepa, na kilichobaki ni kijibarabara chembamba cha lami kisicho hata na mstari wa katikati. Siku hizi nikifungua ramani ya ziwa nisilolijua, natafuta kwanza upande ambao barabara kuu imeukimbia. Humo ndimo mna utulivu. Unaulipia kwa vilima, lakini. Watu hudhani kando ya ziwa ni tambarare kwa kuwa maji yenyewe yametandaa, kumbe kila rasi inakupandisha na kila kijito kinachoingia ziwani kinakushusha, mpaka ukimaliza mzunguko miguu inasema imetoka mlimani.

Karibuni.

GiaNdogo
Mada safi mkuu. Mimi naongeza jambo moja ambalo wageni wa kuzunguka maziwa hulisahau: uelekeo. Kama kwenu magari hupita kushoto, zunguka kinyume cha mshale wa saa, ziwa liwe mkono wako wa kushoto. Kama hupita kulia, fuata mshale wa saa. Faida si kuona maji vizuri tu. Upande wa ziwa karibu hauna njia panda, hakuna gari linalochomoza kutoka majini likukate mbele. Njia zote za kuingilia ziko upande wa pili wa barabara.

Ndiyo maana ziwa Biwa kule Japani, wanakoendesha kushoto, wazungukaji hushauriwa kwenda kinyume cha saa. Mzunguko kamili ni kama kilomita 200. Na Bodensee, ziwa linalogusa Ujerumani, Uswisi na Austria, wengi hulizunguka kwa kufuata saa kwa sababu hiyohiyo.

KonaKali
GiaNdogo, nakubaliana nawe nusu. Uelekeo huo unakuweka ukingoni, na ukingo wa barabara ya ziwani ndio unaoliwa na maji kwanza. Mawimbi yanachimba chini, lami inabaki juu imening'inia kama kibaraza. Mimi kwenye kona hupanda nikiwa mita moja hivi ndani ya njia yangu, sisogei pembeni hata dereva akinuna. Akitaka kunipita asubiri paonekane mbele.

DadaWaAlfajiri
Jamani, mbona hamjataja saa? Barabara ileile ninayoipenda alfajiri, nikiipita saa sita mchana siitambui. Mimi hutoka kunapoanza kupambazuka, peke yangu, na kwenye ziwa saa hizo zina faida mbili. Kwanza magari bado yamelala. Pili, upepo haujaanza. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na ile ya ziwani inaingia kuziba nafasi. Ndio upepo unaowapiga ubavuni wenye kuchelewa, hasa mkiwa na magurudumu yenye rimu ndefu zinazokamata upepo. Jua likizama mambo hugeuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini.

Kero zangu: ukungu na wadudu. Ukungu wa ziwani hukaa kwenye mabonde tu, unatoka kwenye jua na kuingia ndani ya ukuta mweupe bila taarifa. Taa ya nyuma nawasha hata mchana. Wadudu nao, wale wadogo wanaoruka kwa makundi juu ya maji, vaeni miwani yenye kioo cheupe na mfunge mdomo. Naongea kwa uchungu.

Kuhusu kuwa peke yangu, kabla ya kutoka namtumia mtu wa nyumbani mstari wa njia na saa ninayotarajia kufika darajani. Nikichelewa anapiga. Hilo tu linanitosha.

MtuWaMto
Naona watu wa ziwa mmetawala uzi, wacha niutetee mto.

Mto una jambo ambalo ziwa halina, nalo ni mwinuko wa pole. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo njia inayoshikamana nayo kweli haina vilima vya kukukata pumzi. Zilizo bora ni zile zilizoanza kama njia za kukokotea mashua. Zamani farasi walikuwa wakivuta mashua dhidi ya mkondo, na farasi anahitaji njia isiyopandapanda. Njia ya mto Danube kati ya Passau (Ujerumani) na Vienna (Austria) ina sehemu ndefu za namna hiyo, na karibu kila mtu huenda na mkondo. Upepo wa kule nao mara nyingi hutoka magharibi na mto unaelekea mashariki, basi mteremko na upepo vyote vinakusukuma.

Ila msidhani "barabara ya mtoni" kwenye ramani ina maana iko kando ya mto. Angalieni mipindo. Upande wa nje wa kila mpindo maji yanakula ukingo, na barabara hulazimika kupanda juu ya kilima au kuuacha mto kabisa. Upande wa ndani mto unatua mchanga, ni tambarare, na ndipo penye mashamba na vijibarabara vyake. Mimi hupanga njia kwa kuvuka madaraja, nikifuata upande wa ndani kila inapowezekana. Unaongeza kilomita chache na unapunguza vilima vingi.

Na kama mto wenu uko kwenye bonde lenye milima pande zote, msikilizeni DadaWaAlfajiri. Asubuhi mapema hewa baridi inateremka bonde, alasiri inapanda. Shuka na mto alfajiri, rudi alasiri, na siku tulivu ya jua utapata upepo wa mgongoni kwenda na kurudi. Marafiki zangu wanadhani nina miguu ya ajabu na mimi sijawaeleza.

LoriHalinioni
Nitaharibu sherehe kidogo. Barabara tulivu si lazima iwe salama. Anayeipita kila siku anajua haina mtu, kwa hiyo anakata kona kwa kasi akiwa katikati. Barabara yenye magari mengi angalau dereva ametarajia kukuta kitu mbele. Mimi kipimo changu ni urefu wa kuona: barabara yenye gari moja kila dakika tano lakini imenyooka, naichukua mbele ya ile isiyo na gari ila imefunikwa na vichaka kila kona. Pia epukeni siku za mapumziko mchana kwenye maziwa yanayopendwa na wavuvi na waogeleaji. Gari likivuta trela la mashua, dereva husahau upana wa alichobeba.

Mtaratibu
LoriHalinioni, hapo umesema. Upande wangu ule wa kilima una kona mbili za hivyo. Huwa naimba kwa sauti nikizifikia, sijui kama inasaidia.

DadaWaAlfajiri
Inasaidia. Wenye magari wanapunguza kwa hofu 😂

KirakaMfukoni
Hakuna aliyegusa tofauti kubwa kuliko zote. Mtoni ukichoka unageuza. Ziwani ukishafika nusu, nyumbani ni mbali sawasawa mbele na nyuma, na katikati ni maji. Hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo kabla ya kuzunguka ziwa jipya natafuta mahali pa kulikata: daraja, au kivuko kinachobeba baiskeli. Biwa ina daraja linalotenganisha sehemu ya kaskazini na ya kusini, wengi huiacha ya kusini wakabaki na kilomita kama 150. Bodensee kuna kivuko kati ya Konstanz na Meersburg, baiskeli zinapanda.

Vifaa: tyubu mbili, viraka, pampu ya mkono, na kiungo cha akiba cha cheni. Tairi ya milimita 23 iacheni kwenye mashindano. Vijibarabara hivi vina kokoto zilizosombwa na mvua, mizizi iliyoinua lami, na matope ya matrekta. Milimita 28 ni mwanzo, 32 ni raha, na punguzeni kidogo upepo wa tairi. Madaraja ya mbao yakiloa usifunge breki juu yake wala usikate kona, pita wima kama ulivyoingia.

GiaNdogo
Na maji ya kunywa? Ziwa zima pembeni yako na chupa imekauka.

KirakaMfukoni
Beba chupa mbili. Maji ya ziwa usiyanywe hivihivi hata yakiwa maangavu, uangavu hauoneshi vijidudu. Mimi hutia alama kwenye ramani kila penye bomba, nikianzia upande usio na watu.

KonaKali
Nyongeza kwa MtuWaMto: baada ya mvua kubwa huko juu, angalia kina cha mto kabla hujatoka, hata kama kwenu ni jua kali. Mafuriko yanaweza kufika mabondeni saa kadhaa au hata siku moja na zaidi baadaye. Maji yakiwa juu ya lami usiingie na baiskeli, huoni kama lami bado ipo chini yake.

MtuWaMto
Kweli kabisa. Na yakishapungua, ipe barabara siku kadhaa. Tope likikauka linaacha vumbi laini ambalo tairi nyembamba linateleza juu yake kwenye kona.