Mrejesho: Faili za IWXXM sasa zinafika kupitia AMHS
Wakuu, niliuliza kwa nini taarifa zetu za hali ya hewa za muundo wa IWXXM (muundo wa XML wa taarifa za hali ya hewa za usafiri wa anga), ambao ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, iliufanya wa lazima tangu Novemba 2020, hazikumfikia mpokeaji ilhali METAR ya kawaida (ripoti ya maandishi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege) ilipita bila shida. Chanzo kimepatikana: anwani yake ilikuwa bado imesajiliwa kuwa ya AFTN, mtandao wa zamani wa ujumbe wa usafiri wa anga ambao ujumbe wake hauzidi herufi 1,800 wala haubebi kiambatisho, kwa hiyo kila faili tuliyoibana kwa gzip ilikataliwa langoni. Anwani ilipohamishiwa huduma iliyopanuliwa ya AMHS, mfumo mpya wa ujumbe wa usafiri wa anga unaobeba viambatisho, faili ya kwanza, yenye jina linaloishia na .xml.gz, ilifika na kufunguka. Aliyenishauri nisome ripoti ya kutofika (taarifa ambayo mfumo hurudisha ujumbe usipofika) kabla ya kugusa programu, nakushukuru kwa dhati. Ningeuharibu mfumo uliokuwa mzima.