"Mafuta ya giaboksi ya maisha" ni uongo, na tumechoka kuuziwa magari ambayo mwenyewe huruhusiwi kuyachungulia

Wakuu salaam,

Nauandika uzi huu nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza. Fungua vitabu vya magari ya otomatiki ya miaka 20 hii, nenda kwenye jedwali la matengenezo, tafuta mafuta ya giaboksi. Kwa mengi, ama hutayakuta kabisa, ama utaambiwa yamejazwa kiwandani "kwa maisha yote". Maisha ya nani? Ya gari? Ya giaboksi? Ya waranti? Kitabu hakisemi, na kunyamaza huko ndiko kunakoua giaboksi za watu.

Msikilizeni aliyeiunda. ZF ya Ujerumani ndio wanaotengeneza otomatiki za gia 6 na gia 8 zinazofungwa kwenye BMW, Jaguar, Land Rover na wengine wengi. ZF wenyewe wanashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au yakitimiza miaka 8, kutegemea gari linavyoendeshwa. Anayenunua giaboksi hiyo hiyo na kuifunga kwenye gari lake anamwambia mteja haibadilishwi mafuta. Aliyechonga gia anasema badilisha, aliyebandika nembo anasema usiguse, na wanaoumia ni wale waliomwamini mwenye nembo.

Mafuta ya giaboksi yanalainisha, yanapoza, yanabeba presha inayobana klachi, na yanaipa klachi msuguano wake, usizidi wala usipungue. Hiyo ya mwisho ndiyo inayochoka mapema. Viongezi vinaungua kwa joto, vumbi la klachi linachanganyika humo, mafuta yanakuwa mepesi kama maji. Dalili ya kwanza wengi wanaisingizia tairi: uko kwenye kilomita 60 au 80 kwa saa, unakanyaga kidogo tu, gari linatetemeka kama limepita juu ya matuta madogo madogo yaliyofuatana, halafu linatulia. Hiyo ni klachi ya kufungia ya tokikonveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia mafuta), inashika na kuachia. Ukiipuuza, unga wake unaingia kwenye valvu bodi (sehemu inayogawa presha ya mafuta), solenoidi, yaani valvu zake za umeme, zinaanza kukwama, gia zinagonga zikipanda, na kazi ambayo ingeisha kwa lita chache za mafuta inakuwa kazi ya giaboksi nzima.

Kwa nini wanafanya hivi? Kwa sababu gari jipya linauzwa kwa hesabu ya gharama za miaka 3 au 4 ya mwanzo. Wanunuzi wakubwa ni kampuni zinazokodisha magari, na wao wanalinganisha majedwali ya matengenezo mstari kwa mstari. Ukifuta mafuta ya giaboksi kwenye jedwali, gari linaonekana rahisi kutunza. Mmiliki wa kwanza anaondoka kabla mambo hayajaharibika. Wa pili na wa tatu ndio wanaoikuta giaboksi ina kilomita 150,000 na mafuta yale yale yaliyotoka nayo kiwandani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wametoa kijiti cha kupimia. Zamani ulikuwa unavuta, unafuta kwa kitambaa, unachomeka tena, unaona kiwango, rangi na harufu ya kuungua kama ipo. Sasa kuna plagi ya kufurikia chini ya sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi), na kwenye nyingi ndani yake kuna kibomba kifupi. Kiwango sahihi ni pale mafuta yanapogusa mdomo wa kibomba hicho, injini ikiunguruma, joto likiwa kwenye nyuzi maalumu. Toyota nyingi za aina hii ni kati ya nyuzi 35 na 45 hivi, ZF za gia 6 na 8 ni kati ya 30 na 50, na namba kamili iko kwenye mwongozo wa giaboksi husika. Mafuta yanavimba yakipata moto. Ukipima yakiwa baridi utajaza kupita kiasi, ukipima yakiwa yamechemka utayamwaga na kuacha pungufu. Pungufu, pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza na kuungua. Yakizidi, gia zinayapiga mpaka yanakuwa povu na kutokea kwenye tundu la kupumulia. Yule fundi anayemimina kwa macho na kusema "lita nne zinatosha" anabahatisha kwa mali ya mtu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Gari liwe sawasawa mbele na nyuma; ukiinua upande mmoja kwa jeki, kipimo chote ni batili. Kabla hujagusa plagi ya chini, FUNGUA KWANZA YA KUJAZIA. Ikiwa imeshika kutu na haifunguki, simama hapo hapo, maana ukishamwaga huna pa kurudishia. Mwaga, kisha pima kilichotoka kwenye chombo chenye alama za lita. Kwenye zile zenye kibomba, ukitoa plagi peke yake yatatoka kidogo; mpaka utoe na kibomba ndipo ya kwenye sampu yaje yote. Shusha sampu, badilisha chujio na gasketi (ZF nyingi chujio limeungana na sampu ya plastiki, vinabadilishwa pamoja), futa sumaku zilizo ndani ya sampu. Uji mweusi laini kwenye sumaku ni kawaida. Ukikuta vichane vinavyong'aa na kukwaruza vidole, hicho ni chuma cha gia au beringi, na mafuta mapya hayatakiponya.

Rudisha kile kilichotoka, ongeza nusu lita juu yake. Washa, kanyaga breki, pitisha gia zote ukikaa sekunde chache kwenye kila moja, rudi P. Soma joto kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kwenye baadhi ya Toyota unaweza kufanya bila mashine: unganisha kwa waya pini ya 4 na ya 13 za soketi ya OBD (pale inapochomekwa mashine hiyo), washa injini, chezesha gia kati ya N na D haraka haraka kwa sekunde 6 hivi mpaka taa ya D iwake kwa sekunde 2, rudisha P, toa waya. Kuanzia hapo taa ya D ndiyo kipimo chako: ikiwa imezima joto bado, ikiwaka limefika, ikipepesa limepita. Limefika, fungua plagi ya kufurikia. Yakitoka kama kamba, subiri mpaka yawe matone. Yasipotoka kitu, ongeza. Funga plagi kwa washa mpya (ringi yake ya kuzuia kuvuja).

Mnaona? Kazi inafanyika. Jambo la taa ya D lingeweza kuandikwa kwenye kitabu cha mwenye gari kwa nusu ukurasa. Wameliweka kwenye mwongozo wa mafundi wao.

Sasa mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake) ndani ya oili. Hili nikilifikiria napandwa na damu kichwani. Mkanda wa mpira, unaogeshwa oili ya moto miaka yote. Walitaka kupunguza msuguano na kelele ili gramu za kaboni zishuke, maana Ulaya ilibana wastani wa magari mapya kutoka gramu 130 kwa kilomita mwaka 2015 hadi 95 kufikia 2021. Sawa. Lakini injini ndogo yenye turbo na sindano zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ikitumika safari fupi fupi, inaangusha petroli kwenye oili. Petroli ile inavimbisha mpira. Mpira unapasuka mgongoni, nyuzi zinachomoka pembeni, vipande vinashuka kwenye sampu na kuziba chujio la oili pampu. Presha inaanguka, turbo inakufa, beringi za krenki zinafuata. Kwenye PureTech ya 1.2, injini ya Peugeot na Citroën, takataka hizo zilifika hadi pampu ya vakyumu ya breki, kanyagio likawa gumu. Breki! Kwa sababu ya mkanda wa taimingi!

Injini hiyo ilipewa tuzo za injini bora katika daraja lake miaka kadhaa. Ratiba ya mkanda ilianza kwenye miaka 10, baadaye ikakatwa. Mwaka 2024 Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, wakatangaza kinga ya miaka 10 au kilomita 175,000, na toleo jipya likaja na cheni. Ford nao kwenye EcoBoost ya 1.0 walikuja kuweka cheni kwenye kamshafti. Kama mkanda ulikuwa sahihi, cheni imerudi kufanya nini?

Wenye injini za namna hii, msisubiri kilomita za kitabu. Kila mkibadilisha oili, fungueni kifuniko cha kujazia, mulikeni kwa tochi. Kwenye PureTech mkanda unaonekana pale pale, na kuna kipimo maalumu cha upana: mkanda usipoingia kwenye kipimo umeshavimba, unatolewa hata kama una miaka 3. Oili iwe ya namba iliyoandikwa, neno kwa neno, na ibadilishwe kila kilomita 10,000 au mwaka mmoja, hiyo habari ya vitabu ya kilomita 30,000 isahauni. Na mkanda ukibadilishwa, sampu lazima ishuke, chujio lisafishwe. Kufunga mkanda mpya huku chujio limejaa mpira wa zamani ni kazi bure.

Oili ya injini nayo wameifuata. BMW, Audi, Mercedes, kuna matoleo mengi hayana kijiti, unasoma kwenye skrini. Sensa inakwambia kiwango. Haikwambii kwamba oili inanuka petroli, wala kwamba imekuwa kama maziwa kwa sababu gasketi ya hedi imeachia maji.

Halafu kufuli za kompyuta. Pedi za nyuma zenye handibreki ya umeme: bila kuiweka kwenye hali ya matengenezo, ukirudisha pistoni kwa nguvu unavunja gia ndogo ya mota. Betri mpya kwenye magari mengi inasajiliwa, la sivyo alternata inaichaji kama ile kuukuu. Magari ya kundi la Fiat Chrysler tangu 2018 yana lango la usalama linalozuia mashine ya fundi wa kawaida hata kufuta namba za hitilafu mpaka ajisajili. Usalama wa mtandao ni hoja ya kweli, sikatai. Ila ufunguo wa nyumba anabaki nao aliyeijenga?

Wananchi wa Massachusetts kule Marekani walipigia kura haki ya kutengeneza magari yao mwaka 2012, wakapiga tena 2020 kuhusu data zinazorushwa hewani, na watengenezaji wakakimbilia mahakamani kuipinga. Wanaotufungia sisi data za gari letu ndio hao hao wanaozigawa. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuizuia General Motors na OnStar, huduma yake ya kuunganisha magari na mtandao, kwa miaka 5 kuzipeleka data za mahali na uendeshaji za wateja kwa kampuni za taarifa za wateja, ambazo bima hununua kwao. BMW walijaribu kukodisha joto la viti ambalo waya wake tayari uko ndani ya kiti, wakaliacha 2023 baada ya watu kupiga kelele. Kelele zinafanya kazi. Ndiyo maana uzi huu upo.

Na wanasiasa wa Ulaya? Miaka yote wanabishana juu ya kaboni ya magari mapya ifikapo 2035, mara marufuku kamili, mara Desemba 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza ipunguzwe kwa asilimia 90. Wanapima moshi wa ekzosi. Giaboksi iliyotupwa kwa kukosa lita 6 za mafuta haipimwi, wakati chuma chake na alumini yake viliyeyushwa kwa moto ule ule wanaoupiga vita. Sheria ingesema tu: kila kimiminika kwenye gari kiwe na muda wa kubadilishwa, kiwe na njia ya kupimwa bila kompyuta, na mwongozo wa fundi upatikane kwa kila mwenye gari. Mistari mitatu. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, tangu Januari 2026 wananyima alama gari ambalo waipa na honi zake hazina vitufe vya kushika, kwa hiyo nguvu ya kuwabana ipo pale watu wanapoamua kuitumia.

NYONGEZA: naona swali moja linajirudia, "gari langu lina kilomita 200,000 halijawahi kubadilishwa, nikibadilisha si itakufa?" Inayokufa baada ya mafuta mapya mara nyingi ilikuwa imeshakufa, klachi zilikuwa zinashikia unga wao wenyewe. Usisafishe kwa mashine ya presha, inang'oa tope na kulipeleka kwenye valvu bodi. Mwaga kwa plagi, ambayo inatoa nusu au pungufu kwa sababu mengine yako kwenye tokikonveta. Endesha kilomita 500 hadi 1,000, rudia, rudia tena. Kama tayari inateleza, usipoteze mafuta.

Na kwa aliyeuliza kama ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) yoyote inafaa: HAPANA. Toyota inayotumia mafuta ya WS usiiwekee ya T-IV. CVT, giaboksi ya mkanda na puli badala ya gia, usiiwekee ATF ya kawaida kabisa. Mkanda wake wa chuma unategemea msuguano wa mafuta yake, ukiteleza unachana puli, na puli iliyochanika haichongwi.

Wenye giaboksi nyingine wekeni hapa chini: namba ya giaboksi, aina ya mafuta, nyuzi za kupimia, lita zilizotoka na lita zilizoingia.