Mbinu na zana za mchambuzi wa biashara: nianzie wapi kwenye mradi wa mikopo ya SACCOS?

Mhasibu wa Mwanza

Habari za kazi, wanajukwaa. Baada ya kukaa kwenye uhasibu kwa muda, nimepewa jukumu la mchambuzi wa biashara katika mradi wa kuweka mfumo mpya wa mikopo kwenye SACCOS ya wafanyakazi. Mtengeneza programu anasubiri nimkabidhi mahitaji ya mfumo kwa maandishi. Viongozi wa chama wamekwisha kuamua kwamba mikopo inachelewa kwa sababu wanachama hawawezi kuomba kwa simu, na wanataka hilo liwe la kwanza. Katika kusoma nimekutana na BPMN, MoSCoW, SWOT na mbinu nyingine chungu nzima, na kila mwandishi anaisifia yake. Naomba waliokwisha kuifanya kazi hii wanielekeze nianzie wapi, na kama ni lazima chama kininunulie programu ya kuchorea kama Visio au Excel itanitosha.

Karani wa Mifumo

Ndugu Mhasibu, kwa hatua uliyopo Excel inakutosha kabisa. Kabla ya kuchora chochote, omba majalada ya mikopo ya miezi ya karibuni, iliyotolewa na iliyokataliwa, kisha uipe kila fomu mstari wake: tarehe ilipopokelewa, tarehe ya saini ya mdhamini wa mwisho, tarehe ya kikao cha kamati ya mikopo, na tarehe fedha zilipotoka. Ukitoa tarehe moja kwenye nyingine utaona fomu inalala wapi. Kuna vyama ambavyo kamati hukutana mara moja tu kwa mwezi. Ikiwa na kwenu ndivyo, fomu iliyoingia siku moja baada ya kikao itasubiri takriban wiki nne, iwe imeletwa kwa mkono au imetumwa kwa simu, na maombi ya simu yatakuwa yamerefusha foleni tu. Jambo hili ni gumu kuwaambia viongozi kwa mdomo, waonyeshe jedwali.

Ukiwa umezishika fomu hizo, soma na pembezoni. Utakuta maandishi ya penseli kama "mdhamini ana deni" au "alete hati ya mshahara". Hizo ni kanuni ambazo hazimo kwenye masharti ya chama, na hata ukimhoji afisa mikopo huenda asizitaje, kwa kuwa amezizoea kiasi cha kutoziona tena kuwa ni kanuni. Mfumo usiozijua utapitisha mikopo ambayo yeye angeizuia, na haitachukua muda atarudi kwenye daftari lake.

SWOT, yaani kuorodhesha nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, iache. Ni ya kupangia mikakati. Haitakuambia fomu inakwama mezani kwa nani.

Mchoraji wa Michakato

Nakubaliana na Karani kuhusu fomu, ila sikubaliani kwamba mchoro usubiri. Jalada linaonyesha kilichofika ofisini. Halimwonyeshi mwanachama aliyekata tamaa njiani akitafuta mdhamini. Hilo utalipata kwa kukaa na watu, na mchoro ndio unaowafanya waseme. BPMN, yaani seti ya alama za kuchorea michakato ya kazi, ambayo toleo lake la 2.0 lilitolewa na shirika la viwango la OMG mwaka 2011 na likawa kiwango cha ISO mwaka 2013, ina alama nyingi mno, lakini kwa kikao cha chama zinatosha chache: duara la mwanzo na la mwisho, mstatili wa kazi, almasi ya uamuzi, mishale, na safu ya kila mhusika.

Chora kwa kalamu kwenye karatasi kubwa ukutani. Watu huona haya kumkosoa mtaalamu aliyeleta mchoro uliochapwa ukapendeza, lakini wa kalamu kila mmoja huusogelea na kuusahihisha. Baadaye uusafishe kwa draw.io, ambayo ni ya bure. Tena, usimhoji afisa mikopo mbele ya meneja wake. Utapewa utaratibu unaotakiwa badala ya ule unaofuatwa.

Mhasibu wa Mwanza

Nawashukuru nyote. Linalonitatiza sasa ni kwamba viongozi wana orodha ndefu na kila kitu kwao ni cha lazima. Na mahitaji yenyewe huandikwaje ili mtengeneza programu asiyatafsiri anavyotaka?

Dada wa Majaribio

Hapo ndipo MoSCoW, iliyobuniwa na Dai Clegg mwaka 1994, inapofaa. Inagawa mahitaji katika mafungu manne: ya lazima, yanayostahili kuwemo, yanayoweza kuwemo nafasi ikipatikana, na yasiyokuwemo katika awamu hii. Kwa kila wanalodai ni la lazima, waulize kama bila hilo mkopo halali hauwezi kutolewa siku mfumo unapoanza kazi. Meseji ya kumpongeza mwanachama siku yake ya kuzaliwa itajiondoa yenyewe.

Kuhusu uandishi, "mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia" si hitaji, kwa kuwa hakuna awezaye kulipima. Andika hivi: "Mwanachama akiomba mkopo unaozidi mara tatu ya akiba yake, mfumo ulikatae ombi na kumwonyesha kiwango cha juu anachoruhusiwa." Lipe namba, na kwenye jedwali lilelile la Excel uonyeshe lilikotoka, kama ni kifungu cha masharti au kauli ya afisa fulani, na jaribio litakalolithibitisha. Usisahau pia kuandika nani aruhusiwe kuona hati za mishahara na namba za NIDA, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakihusu chama chenu.

Kabla hujamkabidhi mtengeneza programu, keti na afisa mikopo mpitishe fomu chache za zamani kwenye kanuni mlizoandika, mwone kama zinatoa uamuzi uleule uliotolewa wakati ule. Zinapotofautiana, usikimbilie kubadili kanuni. Huenda ni mkopo ule ambao haukustahili kutolewa.