Tupeane uzoefu: aina ndefu ya karata unaihesabu triki ngapi wakati wa mnada wa briji?

Mtunza_Turufu:
Ndugu wachezaji, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu: mtu aliyepata karata tano, sita au saba za aina moja anakadiriaje, kabla ya mnada kwisha, kwamba zitampa triki (mizunguko ya karata anayoshinda) ngapi? Hesabu ya Milton Work tuliyofundishwa wengi wetu, ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, inazipima vizuri karata kubwa, lakini haisemi lolote kuhusu ile mbili ya pau ambayo, wapinzani wakishaishiwa pau, inakula kama ree.

Nianze na kisa changu. Mwenzangu alifungua moja bila turufu, yaani pointi 15 hadi 17, nami nilikuwa na pau sita zenye ree na malkia, na kwingineko sikuwa na kitu. Kwa pointi 6 tu, wakati kwa kawaida hutakiwa kama 25 baina ya wawili kufikia gemu (mkataba wenye zawadi kubwa), wengi wangekaa kimya. Mimi nilinadi tatu bila turufu, yaani niliahidi triki tisa, kwani idadi inayonadiwa huhesabiwa juu ya triki sita. Nilifikiri hivi: mwenzangu akiwa na mfalme wa pau na nyingine mbili ndogo, wapinzani wanabakiwa na nne, na hizo nne hurundikana kwa mtu mmoja takriban mara 10 tu katika 100. Katika zile 90, pau zote sita ni zetu, na mwenzangu anabaki kutafuta triki tatu tu katika pointi zake nyingine zote. Ndivyo karata zilivyokaa, na akapata tisa zake. Tano za pau sikuzifikiria kabisa, kwa sababu huko zinatakiwa triki 11 kupata gemu ileile.

BintiShupaza:
Asante kwa kufungua mjadala huu, ndugu. Ningependa tulitazame suala la njia ya kurudi kwenye karata hizo, kwa kuwa aina ndefu isiyofikika haina thamani yoyote, hata wapinzani wakiwa wameshaishiwa.

Kwenye meza yetu yupo mama mmoja ambaye amenifunza mengi kwa kumtazama tu. Siku moja mkono wa mwenzake, uliofunuliwa mezani ili auchezee yeye, ulikuwa na uru tano, ree na mfalme na tatu ndogo, bila njia nyingine ya kuingilia, naye mwenyewe alikuwa na uru tatu ndogo. Mchezaji mwenye haraka angekula na ree, kisha mfalme, kisha angetoa ya tatu. Baada ya hapo zile mbili za mwisho zingekuwa nzuri lakini zimefungiwa. Yeye katika mzunguko wa kwanza alicheza ndogo pande zote mbili, akawaachia wapinzani. Uru tano za wapinzani zilipokuja kugawanyika tatu kwa mbili, jambo linalotokea mara 68 katika 100, ree na mfalme walikuwa bado mezani, na triki nne zikapatikana bila kuhitaji msaada wa aina nyingine.

Tangu hapo, ninaponadi, uru tano za namna hiyo nazihesabu triki nne iwapo mnada umenionyesha kwamba mwenzangu ana angalau tatu. Akiwa na mbili tu, wapinzani wana sita, na sita hukaa tatu kwa tatu mara 36 tu. Mgawanyo wa kawaida zaidi ni nne kwa mbili, mara 48. Hapo nahesabu tatu, tena kwa sharti kwamba nina njia ya kuingilia pembeni.

Kopa_Saba:
Nakubaliana na dada. Charles Goren, mtaalamu wa briji, alihesabu pointi kwa aina yenye karata chache au isiyo na karata, ilhali walimu wengi wa siku hizi huongeza pointi moja kwa kila karata inayozidi nne. Mimi siziongezi mpaka mwenzangu aonyeshe kwamba aina hiyo anayo.

Na wapinzani wakiitaja, naziondoa. Niliwahi kushika kopa tano zenye mfalme na ghulamu, na aliyekaa kushoto kwangu akanadi kopa. Zile asilimia za kuzigawa karata hazifanyi kazi tena hapo, maana mtu amekwisha kutuambia ziko wapi, tena nyuma yangu. Nilipita. Mkono huohuo ulichezwa katika meza nyingine, ambako mwenye kopa hizo alizidi kuzinadi na akaanguka triki tatu, yaani alipungukiwa tatu na alizoahidi.

Mzee_wa_Uru:
Wanangu, kuna aina ndefu ambayo thamani yake yote iko katika kuifanya turufu. Shika shupaza saba: mfalme, malkia, ghulamu, kumi, pamoja na nyingine tatu ndogo. Shupaza zikiwa turufu, unampa mpinzani ree na kula sita. Wao wakicheza turufu yao, huenda usile hata moja. Kwa hiyo mkono huu hunadiwa mapema na kwa kiwango cha juu, ili kuwanyima nafasi ya kuelewana. Nafuata kanuni ya Ely Culbertson ya mbili na tatu: nikiwa hatarini (hali ambamo kuanguka hugharimu zaidi) naongeza mbili juu ya triki ninazoziona, nisipokuwa hatarini naongeza tatu, kwa kuwa kuanguka kiasi hicho baada ya kudaboliwa (wapinzani kuongeza adhabu) hugharimu pointi 500 katika hali zote mbili. Sita na tatu ni tisa, nafungua tatu za shupaza. Nikiwa hatarini, sita na mbili ni nane, na tatu sizifungui.

BintiShupaza:
Mzee, shikamoo. Na ukiwa na ree moja pembeni?

Mzee_wa_Uru:
Marahaba, binti. Hapo triki ni saba. Hatarini nafungua tatu, na nisipokuwa hatarini nafungua nne moja kwa moja.