Wastani wa nyurofilamenti unatoka sawa, ila wimbi ni jembamba mno

Swali
Wakuu, naiga kwa Python usafirishaji wa polepole wa nyurofilamenti (nyuzi za protini za seli ya neva) ndani ya akzoni, mkia mrefu wa seli hiyo. Kila filamenti inakimbia 0.5 µm/s kwa sekunde 10 hivi, kisha inasimama kama sekunde 323, yaani 97% ya muda imetulia. Kila inapoondoka naichagulia upande kwa namba nasibu: 69% kuelekea ncha ya akzoni, 31% kurudi kwenye mwili wa seli. Hatua ya muda ni sekunde 1, filamenti 10,000, siku 30. Katikati ya wimbi, yaani kundi la filamenti zilizoanza pamoja, panafika milimita 14.8, karibu 0.5 kwa siku, vizuri kabisa. Lakini mkengeuko sanifu ni milimita 0.6 tu, na kwenye neva halisi wimbi la protini zilizotiwa alama ya mionzi hutanuka milimita kadhaa. Tena programu inachukua usiku kucha. Niongeze usambaaji?

Jibu la 1
Usiongeze, mkuu. Utafunika kosa tu. Unapiga kura ya upande upya kila safari, na kwa siku 30 kila filamenti ina safari zaidi ya 7,700, kwa hiyo bahati za mbele na za nyuma zinafutana. Filamenti halisi hugeuka kwa nadra: ikisimama, mara nyingi huondoka tena upande ule ule. Ndiyo maana modeli ya usafirishaji wa nyurofilamenti ya watafiti Brown, Wang na Jung ya 2005 inatenga hali za mbele na za nyuma.

Fanya upande uwe hali inayodumu. Kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma (k1) weka mara 3.1 kwa siku, kutoka nyuma kwenda mbele (k2) 6.9. Uwiano wa 69 kwa 31 unabaki, wastani hausogei. Upana ndio unaobadilika:

D = (2u)² × p × q / (k1 + k2)

D ni kipimo cha kutanuka kwa wimbi, u ni kasi ya wastani ukihesabu na misimamo, 1.3 mm kwa siku (3% ya 43.2, ambayo ni 0.5 µm/s kwa siku nzima), p na q ni sehemu za mbele na za nyuma, 0.69 na 0.31. Unapata D ya 0.14 mm² kwa siku, na mkengeuko sanifu, √(2Dt), kwa siku 30 (t) ni kama milimita 2.9. Wastani unashika uwiano wa k, upana unashika jumla yake. Zidisha k zote mbili kwa 4, wimbi linapungua nusu na kilele hakisogei. Kulinganisha kilele peke yake hakuthibitishi modeli.

Jibu la 2
Kuhusu muda: unapiga hatua bilioni 25.9, nyingi filamenti ikiwa imesimama. Tumia mbinu ya Gillespie, chora muda wa kukaa katika kila hali kwa −ln(1−r)/k (r ni namba nasibu, k hapa ni kasi ya kutoka kwenye hali hiyo), kisha ruka hadi tukio linalofuata. Yatabaki matukio milioni 156 hivi. Hiyo 1−r ni muhimu kwa sababu r ya Python inaweza kuwa 0. Wala usirefushe hatua hadi sekunde 60: kasi ya kusimama ni 0.1 kwa sekunde (1/10), 0.1 × 60 ni 6, na uwezekano hauwezi kuzidi 1.

Muulizaji
Asanteni sana. Je, hali 4 (kukimbia na kusimama, mbele na nyuma) zinatosha, au niweke 6 zenye kutoka kwenye njia ya mikrotubuli, yaani reli ambazo filamenti hukimbilia juu yake?

Jibu la 1
Kwa wimbi la wiki kadhaa, 4 zinatosha. Ukitaka kulinganisha na picha za mng'ao za dakika hadi saa, weka 6, maana hapo misito mirefu ya nje ya njia inaonekana wazi. Na kama data yako ni neva iliyokatwa vipande vya milimita 3, panga matokeo kwa vipande hivyo hivyo: ukataji peke yake unaongeza 0.75 mm² (3²/12) kwenye varianzi, yaani mraba wa mkengeuko sanifu.